Tulikwenda Kumlilia Mtoto wa Walt

Buffalo, Desemba 2016

Mwanangu Asende,

Ukilisoma neno hilo utageuza macho, kama unavyofanya siku hizi kila nikikuita hivyo mbele ya watu. "Wewe ni dada yangu tu," utasema, tena kwa Kiingereza. Ni kweli. Lakini siku mama alipozikwa kule kambini, Bibi alikutoa mikononi mwa watu, akakuweka mgongoni kwangu, akakaza kitenge mpaka nikashindwa kupumua vizuri, akasema, "Huyu ni wako." Nilikuwa mtoto wa darasa la kwanza. Hakuna aliyekuja baadaye kunifungua. Kwa hiyo leo naandika kama mama, na wewe univumilie.

Umetoka na Baba kwenda kutafuta viatu vya theluji, na begi lako liko mlangoni. Sitakuandikia habari za kuvaa kofia wala za kumsaidia Shangazi vyombo. Shangazi ana mdomo, atakuambia mwenyewe ukifika Columbus. Nakuandikia kwa sababu nikiwa mbele yako maneno hunikwama, unanijua. Nakuandikia juu ya Walt. Tangu siku ile hatujalitaja jina lake ndani ya nyumba hii, na wewe umekielewa kimya chetu vibaya. Umeelewa kwamba kosa ni letu. Unaamini kwamba kama akina mama wa kanisa wasingekuja na mikeka yao, Walt angekuwa bado anakufungulia gereji. Ukiondoka kesho na wazo hilo, nitakuwa nimekulea bure.

Sitaki kukuambia kwamba Walt hakukupenda. Ingekuwa rahisi kwangu, lakini ungejua nadanganya. Tulipohamia mtaa huu wa Riverside kutoka Louisville, yeye ndiye jirani wa kwanza kuja upande wetu wa uzio. Baba alikuwa anaondoa theluji mlangoni kwa sufuria ya ugali. Walt alicheka mpaka akayashika magoti yake mabovu. "Bosi," alimwambia Baba, "hiyo si supu." Akatupatia koleo lake, na hakulidai tena.

Maisha yake yote alikuwa ametengeneza vipuri vya magari kwenye kile kiwanda cha kando ya mto, kile ambacho sasa miti imeota juu ya paa. Kilipofungwa, Donna mke wake akabaki na kazi ya duka asubuhi na ya kufagia ofisi jioni, na mtoto wao Kyle akahamia chumba cha chini ya nyumba yao, dawa za kulevya zikamshika, na hakutoka huko tena kama mtu mzima. Kyle alikuwa mpole. Tukikutana njiani, yeye alitazama chini na mimi nikatazama chini, salamu zetu zikawa za viatu kwa viatu. Walt alikuwa na gereji iliyojaa spana na hakuwa na mtoto wa kumwonyesha. Ukaja wewe. Akakuita "mshirika". Nilikuwa nakusikia kupitia ukuta ukitaja majina ya spana moja moja, kwa sauti ambayo hujawahi kusomea Zaburi.

Halafu akaja Gary. Wewe unamkumbuka kama mtu wa donati. Alikulia hapa, akahama akaenda kukaa kwenye nyumba kubwa nje ya mji, na vuli hii akarudi kupanga chumba mtaani ili agombee kiti cha udiwani kilichobaki wazi, kwa chama kimoja kipya. Mikutano yao ilikuwa kwenye gereji ya Walt. Watu hudhani mtu wa namna ile hupiga kelele. Gary alikuwa anauliza tu, polepole, kama daktari. Kiwanda kilifungwa? Kilifungwa. Na baada ya hapo ni nani walioanza kuletwa, wakapewa nyumba na kazi? Aliyaweka mambo mawili ya kweli karibu karibu mpaka yakaonekana kama baba na mtoto. Walt alijua vizuri kwamba kiwanda kilifungwa sisi tukiwa bado kwenye foleni ya mahindi kambini. Alijua, kwa sababu wewe mwenyewe ulimsimulia habari za foleni ile. Lakini ilikuwa miaka mingi hakuna mtu aliyekuja kwenye gereji yake kumuuliza kitu.

Na wewe ulikuwa umekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, unakula donati, unasikiliza.

Siku niliyotoka kiwanda cha mikate nikakuta kibao kimepigiliwa mbele ya nyumba yetu, "Riverside kwa watu wa Riverside", nilidhani wametuwekea kwa dharau. Kumbe ulikipigilia wewe. Ulikuwa umezunguka mtaa mzima na Walt, yeye anashika, wewe unapiga nyundo. Baba hasomi Kiingereza, alidhani ni mambo ya shule yako. Kila asubuhi akitoka shifti ya usiku alikuwa anakinyoosha kibao kile kama upepo umekilaza.

"Unajua kinasema nini?" nilikuuliza.

"Ndiyo. Sisi ni watu wa Riverside."

"Gary ndiye anasema hivyo?"

"Walt anasema." Na ukanitazama kwa huruma, kama mtu ninayechelewa kuelewa.

Nilimweleza Baba. Sikutegemea alichosema. Alikaa kwenye ngazi na viatu vyake vya ghala miguuni, akasema, "Wimbo hii mi naijua. Tuliimba kule milimani, juu ya batu ya ng'ombe, bale bafugaji. Barudi kwabo, barudi kwabo. Nilikuwa kijana, nilikuwa na sauti muzuri. Kisha bengine bakatuimbia sisi." Nikamuuliza kama niking'oe. "Apana. Tukikitoa, jirani atasema tunamuchukia." Kikabaki.

Sikukugombeza. Nitakuambia kwa nini, ingawa sijawahi kumwambia mtu. Kule Louisville, kwenye basi la shule, kulikuwa na msichana mmoja Msomali, Hodan, tuliyekuwa tunakaa naye kiti cha mbele kwa sababu wote wawili hatukujua Kiingereza. Tulikuwa tunagawana machungwa bila kusema. Siku moja, Kiingereza kikianza kuniingia, wasichana wa nyuma wakaniita. Mmoja akapapasa kiti chake, akasema, "Wewe njoo. Wewe hufungi kichwa, wewe si kama yule." Nilienda. Nilichukua na chungwa langu. Walipoanza kumtupia Hodan karatasi, mimi sikutupa, nilicheka tu, tena kicheko kidogo, cha kuonyesha kwamba nipo. Mwaka mzima nilikaa kiti kile cha nyuma na sikuwahi kuwa na furaha kama ile shuleni. Ndiyo maana nilipokuona na nyundo yako nilikuacha. Nilijua utamu wake. Nilitaka uuonje kidogo zaidi.

Kyle alikufa siku chache kabla ya uchaguzi. Donna alimkuta kule chini na sindano yake. Ambulensi ilikuja ikaondoka bila haraka, bila king'ora, na hapo Baba akajua.

"Bon," alisema, "mutoto ya jirani amekufa, na sisi tunabakia mu nyumba? Sisi ni batu gani?" Akampigia simu Mama Sifa, kiongozi wa akina mama wa kanisa.

Wewe hukukulia kwenye vilio vya kwetu, kwa hiyo nikueleze. Kwetu hungoji kuitwa kwenye msiba. Anayengoja kuitwa ndiye ambaye watu watamtazama kwa pembeni, waseme huenda anajua kilichomuua marehemu. Unachukua mkeka, unachukua unga, na sauti yako. Unaanza kulia ukiwa bado njiani, ili mwenye kufiwa asikie kwamba halii peke yake. Wanaume wanawasha moto nje na wanakaa. Hakuna anayeuliza utaondoka lini.

Na mimi nilijua hapa si hivyo. Nimemaliza shule hapa. Mwalimu wangu alipofiwa na mumewe tuliandika majina kwenye kadi, tukatangaziwa siku na saa, tukaenda, tukanong'ona, tukala biskuti, tukaondoka. Nilisimama jikoni na maneno mdomoni, "Hapa hawafanyi hivyo." Lakini wazee walikuwa wamejaa sebuleni, Mama Sifa anajifunga kanga kiunoni, na mimi ni nani wa kuwafundisha wakubwa namna ya kulia? Nikabeba sufuria ya maharagwe, nikawafuata.

Hilo ndilo kosa letu, na nimelitazama kila upande. Ni kosa la adabu. Kama ningesema, wangepeleka kadi. Walt angesema asante. Na Jumatatu angechukua vibao vingine akaenda kuvipigilia, na wewe ungemshikia misumari.

Ilikuwa Jumamosi mchana. Mama Sifa alianza tangu kwenye njia ya waenda kwa miguu, "Wee mwana wetu! Umemwachia nani mama yako!" Wengine wakaitikia. Mikeka ikatandikwa kwenye nyasi za Walt, Baba na wenzake wakawasha moto ndani ya karai. Donna alifungua mlango akiwa peku. Hakujua neno hata moja la Kiswahili. Mama Sifa akafungua mikono, na Donna akashuka ngazi, akakaa juu ya mkeka kwenye baridi ile, akalia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa Mzungu. Alilia kama sisi. Mama Sifa akakilaza kichwa cha Donna begani kwake, akawa anampangusa pua kwa pindo la kanga. Muda huo, Asende, nilidhani mimi ndiye niliyekuwa mjinga, na wazee walikuwa sahihi.

Gari la Gary likasimama. Akashuka na simu yake mkononi, tayari inapiga video.

"Walt!" aliita. "Toka nje uone. Wanacheza ngoma juu ya mwanao."

Walt akatoka gereji. Ukamkimbilia. Nilikuwa karibu na sufuria yangu, nikasikia kila neno. "Walt, hawachezi! Wanamlilia Kyle. Kwetu ndivyo tunavyolia. Yule ni Mama Sifa, unamjua, ndiye anayemlisha mama yako kule nyumba ya wazee!"

Nisikilize hapa. Haya mengine yote niliyoandika ni njia tu ya kufika hapa. Niliuona uso wake. Alielewa. Wewe unafikiri Kiingereza chako kilikuwa kibaya, nimekusikia ukiyarudia maneno yale bafuni, ukiyatengeneza, kana kwamba ungeyasema vizuri zaidi mambo yangekuwa mengine. Kiingereza chako kilikuwa kizuri. Alielewa yote. Alimtazama mke wake begani kwa Mama Sifa, macho yake yakalegea, na mkono wake ukainuka kidogo kuja kwenye bega lako. Kisha akaitazama simu ya Gary. Mkono ukashuka.

"Nani amekuruhusu kusimama hapa?" alikuambia. Hakukuita mshirika. Hakukuita jina.

Akaenda kuchukua mpira wa maji. Kwanza alizima moto, na mimi nikashukuru, nikadhani ni moto tu anaouogopa. Halafu akaugeuzia kwenye mikeka. Maji yaliwapiga Mama Sifa na Donna pamoja. Donna alipiga kelele, "Walt, acha! Acha!" na Gary alikuwa anacheka mpaka simu inatikisika. Akina mama walijaribu kuokota mikeka, wakateleza, na Walt akawafuata mmoja mmoja hadi kwenye njia. Wewe peke yako hukukimbia. Ulisimama pale pale. Akarudi kwako, akakumwagia kuanzia kifuani kushuka hadi viatuni, taratibu, bila hasira, kama mtu anayeosha gari. Ulikuwa bado unamtazama usoni.

Unajua yaliyofuata, lakini hujui yote. Video ilizunguka ikiwa na maneno kwamba wakimbizi wanasherehekea vifo vya Wamarekani. Sehemu ya Donna kwenye mkeka ilikatwa. Gary alipata kiti chake. Msimamizi wa nyumba ya wazee aliiona video, akamwambia Mama Sifa kwamba familia za wagonjwa zimeingiwa na hofu, akamwachisha kazi. Mama yake Walt sasa analishwa na mtu mwingine, na nasikia anakataa kufungua mdomo. Asubuhi baada ya yale maji Baba alikitoa kile kibao chetu, akakiegemeza kwenye uzio wa Walt polepole, kama mtu anayerudisha sahani ya jirani. Donna ameondoka, yuko kwa dada yake.

Na wewe ukaacha Kiswahili. Mama Sifa alipokuja kutuona, bado anakohoa kwa baridi ile, ulifungua mlango, ukamwambia, "Hakuna aliyekuita." Yeye alidhani unatania. Alicheka, akakupapasa kichwa, akaingia. Wiki ileile mwalimu wako akapiga simu kwamba umemsukuma yule mtoto mgeni kutoka Burma kwenye ngazi, na umemwambia arudi kwao. Mimi ndiye niliyemtafsiria Baba simu ile. Nilitafuta neno la kulainisha, sikulipata. Baba aliomba nirudie. Nikarudia. Usiku ule ndipo alipompigia Shangazi.

Kwa hiyo hukufukuzwa. Baba aliisikia ile sauti yake nzuri ya ujana ikitoka kinywani mwako, akaogopa. Hajui dawa nyingine zaidi ya kumhamisha mtu. Maisha yake yote hiyo ndiyo dawa aliyopewa. Mimi sidhani itatosha. Linden, huko mtaani kwa Shangazi, nako kuna watu waliopoteza kazi, na nina hakika kuna Gary wao. Shangazi anasema karibu na ghala anakofanya kazi, nje ya mji upande wa Gahanna, vibao vimejaa hadi kwenye mlango wa kituo cha mafuta. Huwezi kuhama hadi mahali ambapo wimbo huo haujulikani. Nimekaa Louisville na nimekaa hapa, nimesikia kwa Baba habari za milimani, na kila mahali walioimba walikuwa na shida ya kweli. Hilo nalo nataka ulijue, usije ukadhani ni watu wa aina fulani. Kiwanda cha Walt kilifungwa kweli. Mwanawe amekufa kweli. Alikuwa na haki ya kukasirika, na aliyetakiwa kukasirikiwa hakaribiki, wala anwani yake haijulikani. Mama Sifa alikuwa karibu, juu ya nyasi, amemshika mkewe.

Juzi ulimuuliza Baba, ukijifanya hujali, kama Walt anajua kwamba unaondoka. Jana nikaenda kwa Walt.

Unanijua. Hata kuomba chumvi dukani hunitoa jasho. Nilisimama mlangoni kwake muda mrefu nikipanga maneno. Alifungua yeye. Amezeeka. Nyumba nyuma yake ilikuwa giza na runinga inaongea peke yake.

"Asende anaondoka kesho kutwa," nikasema. "Anakwenda Columbus. Nimefikiri ungependa kumuaga."

Alitazama upande wa gereji. "Mtoto mzuri yule," akasema. Nikangoja. Na mimi, Mungu anisamehe, nikamhurumia. Kisha akasema, "Mwambie hakukosea. Sina neno na yeye, wala na wewe. Ninyi wawili si kama wale wengine."

Upande wa pili wa uzio Baba alikuwa amelala baada ya shifti, pazia limefungwa. Mmoja wa wale wengine.

Na mimi nikasema, "Asante."

Haikunitoka kwa woga. Ilitoka yenyewe, na tabasamu, kama ninavyomshukuru dereva nikishuka kwenye basi. Nilikuwa nimefika nyumbani na nimevua viatu ndipo nikaisikia.

Nimekuandikia maneno yake kama alivyoyasema, kwa sababu ni yako, na najua ungetoa kila ulicho nacho ili uyasikie. Hatakuja kukuaga. Hayo ndiyo yote aliyokuwa nayo ya kukupa. Utaambiwa maneno hayo tena, huko Columbus, na mtu mpole kuliko Walt, siku ambayo huna rafiki na kiti pembeni yake kiko wazi. Utasikia utamu. Siwezi kukufundisha usiusikie. Mimi nausikia hadi leo. Ila usiseme asante. Nyamaza, hata ukionekana huna adabu. Halafu uwatafute wale wengine, popote walipo, ukae nao.

Mimi niliyekubeba,
Riziki